Kanisa nililolikuta uani, Jumamosi saa 12 asubuhi

Ndugu mleta mada, umeuliza kama inawezekana kuishi Ukristo nje ya jengo la kanisa, kwa kuwa uko Dar mwaka wa pili sasa, kila Jumapili unasali na kurudi nyumbani, na hakuna hata mmoja pale anayejua jina lako. Wengi wamekujibu kwa vifungu vya Biblia. Mimi nitakusimulia yaliyonipata, maana nimepita hapohapo.

Ni Mkatoliki, fundi seremala, nilitoka Songea nikaja kuanza maisha Mbagala mwaka 2008. Kwetu kanisa lilikuwa kigango, yaani tawi dogo la parokia. Padre anakuja mara moja kwa mwezi, Jumapili nyingine katekista anaongoza ibada, na ukikosa mara mbili mfululizo kuna bibi atapita kwenu kuuliza kama unaumwa. Huku nikakuta misa tatu kwa Jumapili moja na watu wamejaa mpaka nje chini ya turubai. Nilisali hivyo miaka mitatu. Wakati wa kutakiana amani nashikana mikono na watu ambao Jumatatu tukikutana sokoni tunapishana tu.

Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa nikaenda ofisini kuomba ubatizo. Nikaulizwa barua ya jumuiya, yaani kile kikundi kidogo cha Wakatoliki wa mtaa mmoja wanaosali pamoja majumbani. Sina. Unasali jumuiya gani? Sijui. Nilijibiwa vibaya mbele za watu, nikatoka nimeumia, na miezi kadhaa sikukanyaga tena. Nalitaja hili kwa kuwa najua humu wako waliokwamia kwenye barua hiyohiyo.

Mke wangu ndiye aliyemtafuta mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa wetu. Kumbe ni mama muuza maandazi, tunanunua kwake kila siku! Akaniambia, "Mwanangu, barua nitakuandikia, lakini nitaandikaje kwamba nakufahamu na mimi sikufahamu? Jumamosi tunasali pale kwa mama mwenye mwembe. Njoo kwanza."

Nikaenda kwa ajili ya barua, sitakuficha. Ilikuwa Novemba 2011, mvua za vuli zimeanza, uwanja una matope. Watu kama 15, wengi akina mama, wengine kwenye mikeka, wengine kwenye viti vya plastiki vya kuazima. Juu ya stuli kitambaa cheupe, msalaba mdogo, Biblia, na mshumaa umekingwa upepo kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Walikuwa wanasoma Injili ya Jumapili inayofuata, sikukuu ya Kristo Mfalme, Mathayo 25.

Utaratibu wao ulikuwa ule wa hatua saba uliotoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Mmoja anamkaribisha Bwana kwa sala. Injili inasomwa. Halafu kila aliyeguswa anataja neno au kifungu chake na kukirudia mara tatu, polepole, bila kueleza chochote. Mama mmoja akasema, "Nilikuwa mgeni." Akanyamaza. Akasema tena. Ya tatu sikuweza kuinua uso. Kisha kimya cha dakika kadhaa, unasikia kuku na daladala kwa mbali. Baada ya kimya watu wanashirikishana neno lilivyowagusa.

Hatua ya sita ndiyo iliyonibadilisha. Pale wanaulizana: wiki hii tunafanya nini? Mtu akasema bibi mmoja mjane nyumba ya nne kutoka pale anavujiwa, jana amelala amekaa. Mwenyekiti akanigeukia. "Wewe si fundi?" Mchana ule nilikuwa juu ya paa la bibi nisiyemjua, misumari mdomoni, vijana wawili chini wananipandishia mabati ya mtumba yaliyochangwa, na bibi amesimama mlangoni ananiita kwa jina la mwanangu, Baba fulani, kama aliyenijua toka zamani. Ndugu yangu, hiyo ndiyo siku niliyoingia kanisani Dar es Salaam. Barua niliipata baadaye, na hata sikuiulizia.

Mwaka 2016 baba yangu alifariki Songea. Simu ilinifikia saa 5 usiku. Kabla ya adhuhuri ya kesho yake wanajumuiya wameleta maji, sufuria, unga, na mchango umefungwa kwenye pindo la khanga. Wawili kati yao walipanda basi nasi mpaka makaburini. Ndugu zangu kule walidhani ni ukoo wa mke wangu.

Usidhani ni kitu cha kubuni mtaani. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, waliamua Nairobi mwaka 1973 kwamba maisha ya Kanisa yajengwe kwenye jumuiya ndogo ndogo za mahali watu wanapoishi na kufanya kazi, na mwaka 1976 wakaziweka mbele katika kazi ya kichungaji. Parokia zilikuwa kubwa mno na mapadre wachache. Wala si Wakatoliki peke yao. Mama mkwe wangu ni Mlutheri wa Bukoba, wazazi wake waliguswa na ule uamsho wa kidini uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Anasimulia jinsi ndugu wa uamsho walivyokaa sebuleni, wakaungama waziwazi, wakaombana radhi, aliyedaiwa akarudisha.

Kuna waliokwambia humu uachane kabisa na jengo. Mimi siwezi kukuambia hivyo. Soma Matendo 2:46: walidumu hekaluni, na wakamega mkate nyumba kwa nyumba, yote katika mstari mmoja. Ekaristi naipokea parokiani, na ninaihitaji. Ila huko uani ndiko wanakojua kwamba sijafika.

Na jumuiya ina maudhi yake. Michango ni mingi, kuna Jumamosi inaliwa karibu yote na hesabu za zaka na ujenzi mpaka Injili inapitiwa mbiombio. Maneno ya chinichini yapo. Wanaume tunakosekana sana, eti hilo ni jambo la akina mama, na linaniuma kila wiki. Nimeshawahi kununa mwezi mzima. Aliyenirudisha ni yule bibi wa mabati, alikuja na fimbo yake mpaka karakana, akakaa juu ya mbao, akaningoja nimalize kupiga randa.

Kwa hiyo usianzie ofisini. Muulize mwenye nyumba wako, au mama ntilie wa jirani, au mtu yeyote unayemwona na rozari mtaani, wiki hii jumuiya inasali kwa nani. Kama Jumamosi uko kazini sema, ziko zinazokutana jioni katikati ya wiki. Siku ya kwanza fika mapema, 12 kasoro robo, viti vikiwa bado vimebebanishwa ukutani. Anza kuvipanga. Atatokea mtu kushika upande wa pili, na atakuuliza jina.