Kolbeki ya JTAG inasoma takataka

Ndugu, nimekuelewa hivi: umeongeza kolbeki (fankisheni inayoitwa baadaye kazi ikikamilika) kwenye foleni ya JTAG (njia ya kuzungumza na chipu ili kuitatulia hitilafu) ya OpenOCD, programu huria ya kazi hiyo, igeuze biti zilizosomwa, nayo inapata takataka.

Shuku bafa kwanza, yaani eneo la kumbukumbu linalopokea biti hizo. jtag_add_dr_scan() inapanga kazi ya skani (kusukuma na kusoma biti za chipu) kwenye foleni tu, haiitekelezi. Kolbeki za jtag_add_callback4() huitwa baadaye, jtag_execute_queue() ikishamaliza skani. Fankisheni yako ikirudi kabla ya hapo, bafa iliyo kwenye staki yake (kumbukumbu ya muda ya fankisheni) imeshakufa. Tenga bafa kwa malloc, ambayo kumbukumbu yake haifi fankisheni ikirudi, na usiiachie mpaka foleni iishe.

Kolbeki irudishe ERROR_OK, yaani hakuna kosa. Ikirudisha kosa, kolbeki zinazofuata haziitwi kabisa.

Usitekeleze foleni baada ya kila skani. Kila utekelezaji ni safari ya USB hadi kwenye adapta, nayo inakula muda. Ikigoma bado, jenga upya programu kwa -fsanitize=address (chaguo la kompaila linalonasa makosa ya kumbukumbu) kabla ya kulaumu waya, kisha weka msimbo tuuone.