Maswali ya Wasomaji: Pombe Tamu ya Krimu Bila Maziwa

Maswali ya toleo hili yametoka zaidi Kisumu, Nakuru na Magharibi, na yote yanahusu pombe tamu ya krimu isiyotiwa maziwa. Majibu haya ni ya watu wazima, waliotimiza miaka 18, wanaotengeneza kinywaji cha nyumbani kwao.

Wahariri, salamu kutoka Kondele, Kisumu. Maziwa humvuruga mume wangu tumbo, lakini anapenda sana vinywaji vya aina ya Baileys. Naweza kumtengenezea kwa nazi? Naomba vipimo kamili.

Naam, dada, nazi inafaa kuliko kitu kingine chochote. Kwanza elewa kazi iliyoko mbele yako. Krimu ni matone madogo ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji. Katika chupa ya dukani, protini ya maziwa iitwayo kaseini ndiyo inayozuia matone hayo yasiungane. Ukiiondoa, lazima uweke kitu kingine cha kushika kazi hiyo, na kila hatua hapa chini inalenga hapo tu.

Unahitaji tui zito mililita 500, sukari gramu 150, kahawa kali mililita 60, kakao vijiko 2 vya chai, chumvi robo kijiko cha chai, vanila kijiko 1 cha chai, lesithini ya alizeti au soya (ndiyo itakayoshika kazi ya kaseini) kijiko 1 cha chai kilichojaa, na pombe kali ya asilimia 40 mililita 375, yaani nusu mzinga. Wiski, brandi au ramu zote zinakubali. Lesithini huuzwa kwenye maduka ya vyakula vya afya. Ukiikosa ya chembechembe, nunua vidonge laini vya miligramu 1200 kwenye duka la dawa, utoboe vitatu na kukamua kilichomo.

Pale sokoni Kibuye chagua nazi kavu, nzito, inayosikika maji ukiitikisa, na macho yake yasiwe na ukungu wala unyevu. Dafu halina mafuta ya kutosha. Zikune nazi mbili kubwa kwa mbuzi ya kukunia, mimina maji ya vuguvugu mililita 350, kanda kwa mikono dakika tano, kisha kamua kwa kifumbu au kitambaa safi. Kasimele unayoipata ndiyo tui letu. Pima mililita 500. Machicha yakamue tena kwa maji mengine, na tui hilo jepesi lipikie wali. Usiliongeze humu hata kama kasimele imepungua kidogo. Ukitumia la kopo, soma lebo: mafuta yawe gramu 17 au zaidi kwa kila mililita 100.

Tia tui, sukari, kahawa, kakao na chumvi kwenye sufuria pana. Washa moto mdogo, koroga kwa mwiko ukienda upande mmoja bila kuacha, hadi uone vitone vinapanda pembezoni. Tui lisitokote. Likitokota protini zake hugandamana, mafuta hutoka juu, na tui linakuwa limekatika. Endelea dakika 20 hadi 30, mpaka mchanganyiko upungue na kubaki mililita 500. Usikisie, mimina kwenye jagi lenye alama, na kama haujafika urudishe motoni.

Epua, tia lesithini ungali moto, saga kwenye blenda dakika mbili, kisha acha upoe kabisa. Hapa ndipo wengi huharibu. Pombe ikikutana na tui la moto, mvuke wake hupotea, na karibu na jiko la gesi au makaa unaweza kushika moto. Hata kwa tui baridi, pombe ikimwagwa yote kwa mkupuo hugandisha protini pale inapoangukia, na utaona vinyuzi vyeupe. Washa blenda kwa mwendo wa chini na umimine pombe kupitia tundu la kifuniko kwa mkondo mwembamba kama uzi, kwa muda wa dakika mbili au tatu. Malizia kwa vanila, chuja, tia kwenye chupa iliyochemshwa na kukaushwa, weka kwenye friji usiku mmoja.

Hesabu ya kileo ni hii: mililita 375 za asilimia 40 zina kileo halisi mililita 150. Ukigawanya kwa mililita 875 za chupa nzima unapata asilimia 17, kiwango kilekile cha Baileys, iliyoanza kuuzwa huko Ayalandi mwaka 1974. Kama pombe yako imeandikwa asilimia 35, utahitaji kama mililita 470 kufika hapo, na kinywaji kitakuwa chepesi kidogo mdomoni.

Niko Lanet, Nakuru. Yangu ilikuwa laini jioni, lakini asubuhi nilikuta kizibo cheupe juu ya chupa, kigumu kama Kimbo, na chini maji ya kahawia. Nimwage?

Usimwage. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Kisumu chupa iliyo mezani itabaki majimaji mchana kutwa. Nakuru iko juu, zaidi ya mita 1,800, na kabati lako usiku ni baridi ya kutosha kuyagandisha bila friji. Matone yakiganda huwa na ncha kali za fuwele. Hutobozana, hushikana, na yakipata joto mchana huungana kuwa tone kubwa linalopanda juu. Chupa inayopoa na kupata joto kila siku huachana haraka kuliko iliyokaa kwenye baridi ya aina moja, kwa hiyo iweke friji moja kwa moja. Friza usiiguse.

Kuokoa hiyo uliyonayo: fungua kizibo cha chupa kidogo, isimamishe kwenye beseni la maji ya nyuzi 40, yaani yanayovumilika na mkono, hadi kile cheupe kiyeyuke. Mimina kwenye blenda, ongeza nusu kijiko cha chai cha lesithini, saga dakika mbili. Usiipashe jikoni, maana sasa ina pombe ndani.

Kwa chupa ijayo, sisi tungewashauri watu wa Nakuru, Molo na Njoro wachanganye nazi na korosho, kwa sababu mafuta ya korosho hubaki majimaji kwenye baridi hiyo. Loweka gramu 100 za korosho mbichi, zisizokaangwa, kwenye maji ya moto kwa saa moja, mwaga maji, saga na maji safi hadi ukisugua kati ya vidole usihisi chenga, pasha moto dakika tano huku ukikoroga, chuja na upime mililita 200. Tui nalo liwe mililita 300, na ulipike pamoja na sukari na kahawa hadi lirudi mililita 300. Korosho itie baada ya kuepua. Ukiipika pamoja tangu mwanzo, wanga wake huvimba na utapata uji.

Kakamega hapa. Nilitumia maziwa ya soya na kahawa ya Bungoma, ikakatika papo hapo. Kosa ni la kahawa?

Ni la asidi ya kahawa, joto na pombe kwa pamoja. Protini ya soya hugandamana kwenye asidi. Ndiyo njia ya kutengenezea tofu kwa siki au limau. Kahawa ina asidi, hasa iliyokaangwa kidogo. Tumia iliyokaangwa hadi kuiva sana, au loweka gramu 20 za kahawa ya kusaga kwenye mililita 120 za maji baridi kwa saa 12 ndani ya friji, kisha chuja. Ukitaka kuwa na hakika, tia kwenye kahawa chembe za soda ya kuokea, moja ya nane ya kijiko cha chai, kabla haijakutana na soya. Magadi ya mboga hapana: ni makali, ladha yake inabaki, na huwezi kuyapima sawasawa.

Sukari nguru, kwa wanaouliza, inaleta ladha nzuri sana lakini nayo ina asidi kidogo na takataka za miwa. Iyeyushe kwanza kwa maji kidogo, ichuje kwa kitambaa, tena uitumie na nazi badala ya soya.

Busia tuna njugu karanga tele. Zinaweza kuchukua nafasi ya nazi?

Zinaweza, kwa anayependa ladha yake. Gramu 100 za njugu zilizokaangwa kidogo na kumenywa, maji mililita 500, saga, chuja mara mbili. Chagua njugu kwa macho yako, moja moja, na utupe zilizonyauka, zenye rangi isiyo ya kawaida au ukungu. Sumu ya aflatoksini haiondolewi na kupika, wala pombe haiiui. Na kila mgeni aambiwe kuna njugu kabla hajaonja, kwa kuwa mzio wa njugu unaweza kuua.

Kitale: Dada yangu ana mzio wa maziwa. Ule unga wa krimu ya kahawa ulioandikwa kuwa hauna maziwa, unafaa?

Soma viungo. Aina nyingi zina sodium caseinate, ambayo ni protini ya maziwa. Mwenye tumbo linalokataa lakitosi, yaani sukari ya maziwa, huenda asidhurike. Mwenye mzio halisi atadhurika. Kwa dada yako, usitumie.

Je, chang'aa safi ya kwetu haiwezi kutumika? Na nikitaka kuuza chupa chache?

Hapana. Hujui nguvu yake, kwa hiyo hesabu ya asilimia 17 haina msingi. Kubwa zaidi ni methanoli: hupofusha na kuua, na huwezi kuitambua kwa harufu wala ladha. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 iliruhusu chang'aa itengenezwe na wenye leseni tu. Kuuza nako kunataka leseni ya vileo ya kaunti, alama ya ubora ya KEBS na stempu ya ushuru ya KRA. Bila hizo, iwe ya nyumbani.

Inakaa muda gani? Nataka kupeleka nyumbani Siaya, na huko hakuna friji.

Kwenye friji, wiki mbili. Pombe huzuia vijidudu vingi, lakini mafuta ya nazi yenyewe huchakaa na kutoa harufu ya sabuni, na ikifika hapo mwaga. Stima ikipotea saa chache usiwe na wasiwasi. Ikipotea siku mbili, imwageni.

Kwa Siaya usibebe iliyokwisha kuchanganywa, wala usibebe tui lililopikwa likiwa halina pombe, kwani hilo huchacha hata kabla hujafika. Beba makopo mawili ya tui ambayo hayajafunguliwa, sukari, kahawa, lesithini na chupa ya pombe, utengeneze huko siku ileile ya kunywa. Kama hakuna blenda, tumia chupa ya plastiki ya lita moja na nusu iliyo safi: tia tui lililopoa lenye lesithini, ongeza pombe mara sita kidogo kidogo, na kila mara ufunge na kutikisa kwa nguvu nusu dakika. Kisha chuja, na utikise tena kabla ya kumimina kila glasi.