Jibu: Soli ya TPU yenye matundu inakula saa 11 kuprinti, nifanyeje?

Mdogo wangu, nimeyasoma maswali yako yote hapa jukwaani na picha nimeziangalia. Kwa wanaoingia sasa: kijana yuko UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), anaprinti kwa printa ya 3D soli za ndani za viatu kwa TPU 95A, plastiki inayonyumbuka kama mpira, zenye matundu ili ziwe laini na zipitishe hewa. Kachora kimia cha vijiti vidogovidogo kwenye programu ya kuchorea. Soli moja ina gramu 60 na inakula saa 11. Kapandisha spidi kutoka milimita 40 hadi 150 kwa sekunde, muda umepungua dakika chache tu, na sasa ekstruda, ile sehemu inayosukuma uzi wa plastiki, inagonga. Umeme ukikatika usiku, kazi yote inakwenda na maji.

Nafanya kazi hii hapahapa Dodoma, na wateja wangu wengi ni watu wa kusimama kutwa: walimu, walinzi, akina mama wanaouza zabibu barabarani. Kwa hiyo swali lako nalijua vizuri, na nakuomba kwanza uirudishe hiyo spidi chini. Shida yako haiko huko.

Piga hesabu hii. TPU ina uzito wa gramu 1.2 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo gramu 60 ni kama sentimita za ujazo 50, yaani milimita za ujazo 50,000. Gawanya kwa saa zako 11, ambazo ni sekunde 39,600. Unapata milimita za ujazo 1.3 kwa sekunde. Kichwa cha kawaida cha printa, uzi wa plastiki ukiwa mkavu, kinayeyusha TPU ya aina hiyo 3 hadi 5 kwa sekunde bila shida. Maana yake sehemu kubwa ya usiku mashine yako haimwagi plastiki. Inazunguka tu.

Inazunguka wapi? Kwenye vile vijiti. Ukikikata kimia chako tabaka kwa tabaka, kila kijiti kinakuwa kidoti kinachojitegemea. Nozo, ile ncha inayotoa plastiki, inafika, inamwaga kidogo, inasimama, inavuta uzi nyuma, inaruka hadi kidoti kinachofuata. Tuseme tabaka lina vidoti 300 na kila mruko unakula nusu sekunde: hizo ni sekunde 150. Kwa matabaka 100, umeshapoteza zaidi ya saa nne bila kuongeza hata gramu moja. Na TPU kwa kuwa ni laini haipendi kuvutwavutwa nyuma, ndiyo maana soli yako kwenye picha ya tatu imejaa nyuzi kama utando wa buibui.

Spidi haikukusaidia kwa sababu ya mchapuko, yaani jinsi nozo inavyoongeza kasi haraka, ile namba ya pili ambayo wengi hawaigusi. Umeandika mashine yako iko 500, yaani kila sekunde kasi inaongezeka kwa milimita 500 kwa sekunde. Kwa mchapuko huo nozo inahitaji milimita zaidi ya 22 kufika spidi ya 150, na nyingine kama hizo kusimama. Njia yenye urefu wa milimita 4, ikianza na kuishia kwenye kusimama, haiwezi kuvuka spidi ya 45 hata uandike 1,000 kwenye slaisa, ile programu inayokata mchoro kuwa matabaka ya kuprinti. Ile 150 inapatikana kwenye ukuta wa nje peke yake, ambako njia ni ndefu, na hapo ndipo ekstruda inashindwa kusukuma na kuanza kugonga.

Sasa dawa. Kimia kitupe. Chora soli kama kitu kigumu, mwili mmoja, kisha iache slaisa itengeneze matundu: matabaka ya juu weka 0, ya chini 0, ukuta mmoja, ujazo wa ndani gairoidi asilimia 15 hadi 20. Gairoidi ni umbo alilolieleza Alan Schoen wa NASA mwaka 1970, na kwa kazi yetu uzuri wake ni kwamba kwenye tabaka moja njia zake ni mawimbi marefu yasiyokatana. Nozo inaingia upande mmoja inatokea upande wa pili bila kunyanyuka. Matundu yote yameungana, hewa inapita. Faida nyingine, faili lako la mamia ya megabaiti linakuwa dogo na slaisa haigandi tena.

Kisha badilisha nozo, weka yenye tundu la milimita 0.6. Hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Kwa nozo ya 0.4, upana wa uzi 0.45 na tabaka 0.2, ukienda 25 unamwaga milimita za ujazo 2.25 kwa sekunde. Kwa nozo ya 0.6, upana 0.65 na tabaka 0.3, kwa spidi ileile ya 25 unamwaga karibu 4.9. Spidi ya 25! Mashine inatembea polepole, haitikisiki, na plastiki inayotoka ni zaidi ya mara mbili. Gramu 60 zinayeyuka ndani ya saa tatu. Ongeza mizunguko, bado uko chini ya nne.

Ila ujue matundu yatakua, kwa sababu ukuta ukinenepa na asilimia ikibaki ileile, vyumba vinapanuka. Usikimbilie kushusha asilimia ili kuokoa muda zaidi. Kwenye maumbo ya namna hii ugumu hushuka takriban kwa mraba wa hiyo asilimia ya ujazo wa ndani: kutoka 20 kwenda 15 unabakiwa na ugumu zaidi ya nusu kidogo tu. Ukibonyeza kisigino kwa dole gumba utauhisi mara moja. Mimi naweka eneo la kisigino na asilimia yake, upinde wa mguu na yake, ndani ya slaisa hiyohiyo. Juu fundi viatu anabandika ngozi nyembamba.

Kausha uzi, nyuzi joto 50 hadi 60 kwa saa kadhaa. Kiangazi cha Dodoma kinatubeba, lakini kuanzia Desemba mvua zikishika utasikia nozo inatoa vijipovu, pa-pa-pa, na hapo huwezi kusukuma kwa kasi yoyote.

Kuna aliyekushauri printa ya resini, inayogandisha plastiki ya majimaji kwa mwanga. Ni kweli ile inaangaza tabaka zima kwa mpigo, matundu yawe kumi au elfu muda ni uleule. Na mwaka 2015 timu ya Joseph DeSimone kule Marekani ilionyesha kwenye jarida la Science namna ya kuvuta kitu mfululizo bila kusimama kila tabaka. Lakini resini mbichi iliyonasa ndani ya matundu ni shida kuiosha, na inawasha ngozi. Kwa kitu cha kukanyagwa kutwa nzima, mimi siipendekezi.

Umesema soli ni za bibi yako mwenye kisukari. Tafadhali, daktari amwone miguu kabla hajazivaa, na kila jioni mtu amkague nyayo. Mguu uliokufa ganzi hautamwambia kama soli inamchubua.

Jaribu gairoidi kwanza kwa nozo uliyonayo, halafu ndiyo ununue ya 0.6. Weka hapa muda wa slaisa kabla na baada, na uzito wa soli, tuangalie namba pamoja.