Get sio kupata tu: kwa nyie mnaoanza kazi na wageni

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye makampuni ya utalii hapa Arusha, kuna neno moja la Kiingereza nataka mlijue vizuri kabla hamjakaa mbele ya mgeni, nalo ni "get". Wengi wetu tumetoka shule tunajua get ni kupata, basi, imeisha hiyo.

Mimi mwaka wangu wa kwanza alikuja mama mmoja ofisini kuulizia safari ya siku moja, tukaongea vizuri, wakati anatoka akasema "I'll get back to you", nikaelewa anarudi sasa hivi, nikampigia dereva nikamwambia aje akae standby. Alikaa pale nje toka saa nne asubuhi mpaka saa tisa, na kazi nyingine aliyoitiwa akaikataa kwa sababu yangu. Kumbe yule mama alimaanisha tu atanipa jibu baadaye. Niliumia sana, maana siku ya mtu ilipotea kwa maneno matano.

Angalia Kiswahili chetu. Pata, patia, patana, patikana. Hakuna anayechanganya kupata na kupatana, mkia umebadilika na maana imehama. Sasa wenzetu mkia wao hawaugandishi kwenye kitenzi, wanauweka pembeni, ndo maana tunaudharau. "Get along" ndio kupatana kwenyewe, na mgeni akikwambia "I couldn't get through" anasema alikupigia hukupatikana. Kwa hiyo ukisikia get tulia kwanza usikie kinachofuata.

Wanaoenda na wageni porini washike sana hii ya kupanda na kushuka. Gari dogo, teksi, bajaji, Land Cruiser, kote unakoingia ukainama ukakaa, ni "get in" na "get out". Basi, treni, ndege, feri, yani chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, ni "get on" na "get off", na vile vya kukalia kwa kutanua miguu kama bodaboda, baiskeli au farasi navyo ni on na off. Ila angalizo kubwa: mmefika geti la hifadhi unataka wageni washuke, usigeuke ukasema "Get out!" hivyo kavu, hiyo ni kumfukuza mtu kabisa, hata ukiwa unatabasamu. Sema "We can get out here", maneno ni yaleyale lakini umejiweka na wewe ndani, inakuwa tushuke hapa.

Halafu kuna get ya kuwa. Mgeni anayelala juu kwenye ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 toka usawa wa bahari, lazima atauliza "How cold does it get at night?" Hapo hakuna cha kupata, anauliza baridi huwa inafika wapi. Mwambie ukweli abebe koti zito.

Na ile inayosumbua watu wa ofisini, get ikifuatwa na kitenzi kilichokwisha kutendeka. "We got charged twice", tumekatwa hela mara mbili. Ni ile -wa yetu ya kutendwa, hajasema kapata chochote, analalamika, kwa hiyo usijibu "You're welcome", fungua mfumo uangalie malipo yake sasa hivi. "I need to get this zip fixed" naye hataki kutengeneza mwenyewe, anatafuta fundi wa kumtengenezea. Na "I don't get it" ni sielewi tu, rudia maelezo taratibu, usimletee risiti nyingine.

Mmarekani utamsikia akisema "gotten", Mwingereza atasema "got", wote wako sawa.

Mimi kilichonisaidia ni daftari dogo la mfukoni. Sikuandika get off ni kushuka, niliandika sentensi nzima kama ilivyotoka mdomoni mwa mgeni na pembeni naweka ilisemwa wapi, geti la hifadhi, kaunta, kwenye simu. Na siku hizi mtu akiniambia "I'll get back to you" namuuliza palepale, "By email, or will you come by the office?" halafu ndo nampigia dereva.