Duka la Nje Likikudhulumu Ulaya: Kabla ya Kujaza Fomu A

Unaishi Ubelgiji, umenunua simu ya euro 700 kwenye duka la mtandaoni la Uhispania, imefika haiwaki na duka halijibu. Kwanza, kama ulilipa kwa kadi, iombe benki irudishe pesa. Muda wa kuomba ni mfupi. Uliza pia kituo cha wateja cha Ulaya cha nchi unayoishi, huduma ni bure. Ukiona ushauri unaokutuma kwenye jukwaa la usuluhishi la Umoja wa Ulaya, upuuze: lilifungwa Julai 2025.

Hayo yakishindikana, kuna utaratibu wa madai madogo mahakamani chini ya Kanuni 861/2007 ya Umoja wa Ulaya. Kikomo ni euro 5,000 bila riba na gharama, na wakili si lazima. Denmark haimo, Uingereza ilishatoka.

Wengi hukwama kwenye swali la mahakama ipi. Kanuni 1215/2012 inamruhusu mlaji kushtaki anakoishi, mradi duka lilikuwa likitafuta wateja wa nchi hiyo. Kwamba tovuti inafunguka Ubelgiji hakutoshi. Onyesha bei ya kusafirisha hadi Ubelgiji, anwani ya tovuti inayoishia na .be, au namba ya simu iliyoandikwa na msimbo wa nchi. Hifadhi picha za kurasa hizo mapema, maana hubadilishwa. Tiketi ya ndege pekee, isiyo sehemu ya kifurushi cha safari, haina haki hii ya kushtaki unakoishi. Dai la kucheleweshwa lipeleke ndege ilikoondokea, ilikotua, au yalipo makao ya shirika.

Halafu jina. Lile kubwa lililo juu ya tovuti mara nyingi ni la biashara tu. Andika jina la kampuni lililo kwenye ankara, na anwani yake iliyosajiliwa, la sivyo hutampata wa kumdai.

Fomu A, yaani fomu ya kufungua dai, hujazwa kwa lugha ya mahakama, pamoja na risiti, mawasiliano na ada. Ikiwa na kasoro utarudishiwa Fomu B uirekebishe. Ikiwa sawa, mahakama humtumia mdaiwa ndani ya siku 14, naye ana siku 30 za kujibu. Akinyamaza, hukumu hutolewa bila yeye.

Omba Fomu D, yaani cheti cha hukumu, palepale kwenye Fomu A. Ni bure, na mahakama ikiombwa hukitoa kwa Kihispania. Utakihitaji, kwa sababu mahakama ya Ubelgiji haitakukusanyia pesa: utekelezaji hufuata sheria za Uhispania, na huko gharama za kuanzia utazitanguliza mwenyewe. Kwa dai la euro 60, piga hesabu hiyo kwanza.