Usimtumie huyo ajenti laki na nusu, ngoja kwanza

Ngoja kaka, usitume hata shilingi. Wasema kuna ajenti Nyali ataka umtumie laki na nusu kwa namba yake ya M-Pesa akufungulie akaunti ya CDS, ile ambamo hisa zako huandikwa kwa jina lako, na akununulie hisa, nawe wauliza itachukua siku ngapi, uanze na hisa gani, na gawio lakatwa kodi kiasi gani. Hayo yote baadaye. Hiyo namba ni ya nani?

Mie mwaka 2019 niliuza tuktuk iliyokuwa ikilisha nyumba yangu, nikapata laki mbili na themanini. Jirani akanipeleka kwa kijana mmoja ana ofisi ghorofani karibu na Digo Road, tai shingoni, kila neno "mzee wangu". Ukutani fremu tatu: cheti cha usajili wa kampuni, cheti cha PIN ya KRA na kibali cha biashara cha kaunti. Nilisimama nikazisoma zote nikaona mihuri, nikaridhika. Na zilikuwa za kweli! Hilo ndilo laniuma mpaka leo. Usajili wasema kampuni ipo basi, na kibali cha kaunti hata mwenye duka la simu anacho. Hakuna hata kimoja kinachompa ruhusa kushika pesa za watu kununulia hisa, ruhusa hiyo yatoka CMA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na kifungu cha 23 cha sheria yao chakataza mtu kufanya ubroka bila leseni. Nilimuuliza hilo, akanijibu "sisi tuko chini ya broka mkubwa wa Nairobi, leseni yake yatufunika". Mwongo mkubwa yule, alinitazama machoni akisema. Nikaanza kutuma pesa palepale, fungu la kwanza, na meseji ya M-Pesa yenyewe ikaja na jina lake yeye, si la broka wala si la kampuni ile ya ukutani. Nikaisoma, nikatia simu mfukoni.

Kila mwezi akanipa karatasi ina nembo na hesabu, hisa kadhaa za Safaricom, kadhaa za benki, faida inapanda. Siku nilipotaka kuuza nilipe karo ya shule, mara soko limefungwa, mara pesa haijashuka, wiki tano! Na mie wakati huo sijui kwamba hisa ukiuza leo malipo hukamilika siku ya tatu ya kazi. Ndipo nikaenda kwa broka mwenye leseni, dada wa pale akaandika namba ya kitambulisho changu kwenye kompyuta, akaandika tena, akanigeuzia skrini nione mwenyewe. Sina akaunti ya CDS. Haijawahi kufunguliwa. Nikatoka mbio mpaka kule ghorofani, mlango una kufuli, nachungulia kwenye kioo naona misumari mitatu tu ukutani. Na yule jirani, kumbe alikuwa analipwa kwa kila kichwa anachopeleka, na leo bado anipa salamu.

Fidia nayo sikupata. Kuna mfuko wa fidia kwa wawekezaji, mwisho wake wakati huo elfu 50 kwa mtu, lakini ni pale broka mwenye leseni ameshindwa kutimiza wajibu wake. Wangu hakuwa na leseni, kwa hivyo mie sikuwa mteja wa mtu yeyote.

Sasa fanya hivi usiku huu. Ingia tovuti ya CMA, orodha ya wenye leseni iko pale bure, tafuta jina neno kwa neno, maana hawa hubadili neno moja tu likafanana na la kampuni ya kweli. Angalia pia leseni ni ya nini, ya kutoa ushauri si ya kununua na kuuza hisa. Halafu jina hilohilo, herufi kwa herufi, ndilo litokee unapolipa, iwe benki iwe Paybill. Likitokea jina la mtu, hata akikuapia kwa mamake, usilipe. Na ukishanunua itisha taarifa ya akaunti kutoka CDSC wenyewe, ndio watunzao akaunti za CDS, si karatasi ya ajenti.

Hiyo namba aliyokupa, jina gani latokea kabla hujathibitisha kutuma? Liangalie na jina analodai ni la kampuni uniambie kama yalingana, niko macho.