Turbo Mpya Nayo Inavuja Oili

SWALI: Nilifunga kwenye gari langu injini nyingine ya dizeli, iliyokwisha kutumika, yenye turbo (kifaa kinachozungushwa na gesi za ekzosi ili kusukuma hewa ndani ya injini). Tangu hapo, injini ikinguruma kwa muda gari likiwa limesimama, hutoa moshi wa bluu mara ninapokanyaga mafuta, na oili hulowesha maungio ya turbo na bomba la ekzosi. Nimebadilisha turbo, lakini hali ni ileile. Fundi anataka ninunue ya tatu. Nifanyeje?

JIBU: Usinunue kwanza. Turbo mbili zikivuja mahali pamoja kwa namna moja, kosa huenda limo katika jinsi zilivyofungwa. Wengi hudhani kwamba ndani ya turbo mna sili za mpira kama za krenki, kumbe kwenye ncha za shafti mna ringi nyembamba za chuma, ambazo huizuia oili kwa msaada wa shinikizo la hewa na gesi lililo upande wa pili, mradi chumba cha beringi kisifurike. Oili huingia humo kwa nguvu ya pampu, lakini hutoka kwa uzito wake tu, tena ikiwa na povu. Ikikwama njiani, hupanda hadi kwenye ringi na kupenya.

Kwa hiyo anza na mpira unaoirudisha oili kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini, kwani ndio ambao fundi hulazimika kuubuni upya injini inapohamia gari lisilo lake. Uwe mpana, ushuke moja kwa moja bila tumbo wala mkunjo, usiinamie zaidi ya nyuzi 35 hivi kutoka wima, na uingie sampu juu ya usawa wa oili. Fungua pia gasketi yake, maana silikoni, ambayo baadhi ya mafundi huipaka kama siagi, hubanwa kuelekea ndani na kuziba tundu. Tena, kama sampu ilibadilishwa ili ipishe ekseli, kijiti cha zamani cha kupimia oili kinaweza kukudanganya ukazidisha oili na kuuzamisha mdomo wa mpira huo.

Hayo yakiwa sawa, fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikinguruma. Hewa ikivuma kwa nguvu, basi ama njia ya kupumulia injini imeziba, ama ringi za pistoni zimechoka, na shinikizo hilo huizuia oili isishuke. Angalia pia matundu ya ekzosi kabla ya turbo: yakiwa yamelowa, oili inatoka kwenye injini yenyewe, na turbo inasingiziwa.

Turbo ilaumiwe pale tu shafti, ikitikiswa injini ikiwa imezimwa na kupoa, inapofanya mapanga ya turbo yaguse kasha lake. Shafti kucheza kidogo kwa pembeni ni jambo la kawaida. Lolote utakalorekebisha, safisha oili iliyotuama kwenye mabomba ya hewa kabla ya kuwasha, kwa sababu dizeli ikiivuta inaweza kupandisha mizunguko yenyewe, na ufunguo usiizime.